Fundi wa Vitanda na Karanga za Pune

Kila kitanda alichokitengeneza alikilalia kwanza. Alitandika shuka safi, akavua viatu, akapanda na kujinyoosha chali, mikono kifuani, halafu akakaa hivyo dakika mbili nzima akisikiliza mota ikimwinua kichwa na kumshusha miguu. Wauguzi wageni waliopita mbele ya chumba cha vifaa walishtuka wakidhani kuna mtu amekata roho. Sisi tuliozoea tulipita tu. Msimamizi mmoja aliwahi kumwambia aache mchezo huo, mashine ya kupimia ipo. Akamjibu kwa Kiingereza chake cha taratibu kwamba mashine haina mgongo.

Hospitali yenyewe ilikuwa upande wa Westmead, na Waafrika wote tuliofanya kazi pale tulimwita Fundi. Jina lake lilikuwa kwenye kitambulisho alichokivaa shingoni, lakini simkumbuki hata mmoja wetu aliyelitumia. Alikuwa Mtanzania, mrefu, mwembamba, mwenye masharubu aliyoyapunguza kwa mkasi kila Ijumaa, na Kiswahili ambacho sisi Wakenya tulikisikiliza kama taarifa ya habari. Mara ya kwanza kumsalimia nilimwambia, "Sasa, Fundi." Akaniitikia kwa upole, "Marahaba." Siku ya pili vilevile: "Sasa." "Marahaba." Siku ya tatu nikaona haya, nikasema shikamoo. Hakunisahihisha hata kwa neno moja. Aliitikia tu salamu aliyoitaka mpaka ikafika.

Nilikuwa na miezi mitatu Sydney nilipomjua vizuri. Niliishi katika chumba cha kupanga, nyumba moja na wanafunzi wawili ambao tulionana jikoni kwa bahati, na chakula changu kilikuwa mkate, au tambi za kumwagia maji moto. Siku hiyo mgonjwa mmoja, mzee wa watu, alinikataa. Nilikuja kumbadilishia bandeji, akavuta mkono, akasema atamsubiri mwingine. Mwenzangu alinipokonya trei kwa huruma ambayo iliniuma kuliko yale maneno. Nikaingia chumba cha vifaa, nikaketi kwenye kiti cha kwanza nilichokiona, nikalia.

"Binti," ikasema sauti kutoka kitandani, "hicho kiti kina gurudumu bovu."

Niliruka. Alikuwa amelala pale muda wote, mikono kifuani. Hakuniuliza kinachoniliza. Alikaa kitako, akavaa viatu.

"Jana ulikula nini?"

"Mkate."

"Na juzi?"

"Mkate."

"Unatoka zamu saa ngapi?"

"Saa tisa na nusu."

"Nitakuwa mlangoni."

Nilikuwa nimeshaamua kwamba jioni ile ningemwandikia dada yangu Nakuru kuwa narudi nyumbani. Sikumwambia Fundi hilo. Tulipanda treni, stesheni ya pili tukashuka Harris Park, akanipeleka kwenye ile mitaa yenye nyumba za zamani za matofali ambazo vibaraza vyake vyote vimegeuzwa mikahawa ya Wahindi. Hakuingia ndani ya mkahawa wowote. Alisimama mbele ya meza moja ya nje, akainua vidole viwili.

Muuzaji alichukua kimkate cha kukaanga cha mviringo, kikavu, kidogo kama yai la kuku, akakitoboa kwa kidole gumba, akakijaza viazi na dengu, akakizamisha kwenye maji ya kijani na kunikabidhi. Nilikiuma nusu, kama mtu aliyelelewa vizuri. Maji yote yalinitiririka mpaka kwenye kiwiko, juu ya sare ya kazi.

"Pani puri haiumwi," akasema Fundi. "Fungua mdomo wote."

Kabla sijajifuta, cha pili kilikuwa tayari mkononi mwa muuzaji, na yeye ananitazama, anasubiri. Nikafungua mdomo wote. Kilipasuka ndani: mnanaa, ukwaju, pilipili, ubaridi, kisha viazi vikaja kutuliza ghasia. Kikaja cha tatu. Cha nne. Chakula kile hakitoi nafasi ya kuwaza jambo lingine lolote. Kwa dakika tano sikuwa muuguzi, sikuwa mgeni, sikuwa mtu aliyekataliwa. Nilikuwa mdomo. Jioni ile sikumwandikia dada. Nililala saa mbili, nikaamka asubuhi nina njaa, jambo ambalo lilikuwa halijanitokea tangu nishuke kwenye ndege.

Baada yangu aliwapeleka wengi. Wauguzi wa Kenya, Wakongomani wanaotunza wazee majumbani, wanafunzi waliokuja kufanya mazoezi ya kazi. Hakuwahi kuita hilo msaada. Alisema tu, "Twende tukatembeze meno." Na alikuwa na sheria zake. Kila duka sahani moja, kisha unahama. Duka lenye picha kubwa za vyakula ukutani, unalipita. Tazama wanaopanga foleni: ukiona madereva wa teksi na mafundi wa ujenzi, simama nyuma yao. Muuzaji akivaa glavu za plastiki, Fundi alitikisa kichwa kwa masikitiko. "Mkono wenye glavu hausikii joto." Nilibishana naye hapo kila mara, maana mimi ni muuguzi, na mtu huyuhuyu kazini alinawa mikono mpaka ikachubuka, akamfokea yeyote aliyegusa kitanda chake bila glavu. Alinisikiliza, akakubali kwamba nina haki, akanunua kwa asiye na glavu.

Jirani yangu Bahati, Mkongomani anayefanya kazi ghalani huko Bankstown nilikohamia baadaye, alikuja mara ya kwanza na shati lake la kanisani na tai. Aliyatazama yale maji ya kijani kwa muda mrefu.

"Fundi, ile njo chakula ao njo dawa?"

"Vyote viwili. Fungua mdomo."

Bahati alikula mpaka muuzaji akaanza kumcheka. Binti yake, ambaye anaelewa kila neno la Kiswahili na hujibu kwa Kiingereza peke yake, alimwambia kwa Kiingereza kwamba tai yake ina chatini. Bahati akaivua, akaitia mfukoni, akasogeza sahani.

Mapenzi hayo yote yalianzia Pune, mji wa India ambako Fundi alisomea mitambo ujanani. Alituzungumzia Pune kama mtu anayeelekeza njia kwa mgeni anayesafiri kesho. Asubuhi, kona ya soko la maua, bakuli la choroko zilizoota, pilipili imeelea juu, chevda kavu ya dengu na karanga imemwagiwa juu ya pilipili, na mkate wa kuchovya. Mchana, vada pav. "Ni kachori yetu ile ya viazi," alisema, "lakini mtu mwenye akili akaiweka ndani ya mkate, akapaka kitunguu saumu kilichosagwa na pilipili kavu, akakupa na pilipili mbichi nzima ya kukaanga uitafune pembeni." Aliishi kwa hizo miaka minne, kwa sababu ndizo alizozimudu, na hakuzungumza hata siku moja kama mtu aliyekosa kitu.

Na jioni, msimu wa mvua, alikwenda baa.

Hapa ndipo watu walipomshangaa. Kanisa lake linakataza pombe, na yeye hakuwahi kuionja, Pune wala kwingineko. Lakini aligundua mapema kwamba chakula bora cha jioni katika mji ule kiliwekwa mbele ya walevi ambao hata hawakukitazama. Karanga zilizokaangwa, zikachanganywa na kitunguu, nyanya, pilipili mbichi na dania vilivyokatwa vidogovidogo, zikakamuliwa ndimu. Papadi la dengu la moto, jembamba na kavu kama biskuti, lililobebeshwa mchanganyiko uleule, ambalo ukichelewa kidogo linalegea. Dengu za kuchemsha. Matango yenye chumvi nyeusi inayonuka kama kiberiti na ambayo ukiizoea huwezi kuiacha. Aliagiza soda ya ndimu moja, akaketi chini ya feni akitazama mvua ikipiga barabara, na wahudumu wakamletea sahani moja baada ya nyingine kwa sababu alikuwa mteja pekee aliyeuliza zimetengenezwaje. Walimwita Soda Saheb, yaani Bwana Soda. Mpishi alitoka jikoni akijifuta mikono kuja kumwona anavyokula.

"Miaka minne nilikuwa mtu wa baa," alipenda kusema, "na mpaka leo sijui bia ina ladha gani."

Aliwahi kulisema hilo kanisani, hapa Sydney, alipoombwa kutoa ushuhuda kuhusu Mungu alivyomlinda ujanani. Alipofika kwenye karanga na namna ya kukata vitunguu, mchungaji alimshukuru na kuchukua kipaza sauti. Fundi hakuelewa kosa lake. Kwake huo ndio ulikuwa ushuhuda.

Baa za Sydney alizidharau. Tulimpeleka moja siku mwenzetu alipopata uraia. Akaagiza soda ya ndimu, akasubiri. Akasubiri sana. Alipoelezwa kwamba karanga zinauzwa, zimo kwenye paketi iliyofungwa, aliinuka kuitazama ile paketi pale ukutani kama anayemtambua maiti. "Baa isiyokupa hata karanga," akasema aliporudi, "hiyo ni ofisi."

Asidhani mtu kwamba alikuwa mpishi. Hakujua kupika chochote zaidi ya yai. Mkewe ndiye aliyepika, na alipika vizuri, na alichukia vyakula vya barabarani kwa moyo wake wote. Kwa hiyo kila tulipotoka Harris Park, Fundi alinawa uso kwenye bomba la stesheni, akatafuna iliki, akaenda nyumbani kula chakula cha pili bila kuacha punje. Alifanya hivyo miaka na miaka akiamini hajulikani. Siku moja mkewe aliniambia, akicheka, kwamba dania humnukia Fundi kwenye mikono ya shati tangu anapofungua geti, na yeye humpakulia kingi zaidi siku hizo ili aone kama atashindwa. Hajawahi kushindwa.

Alikuwa na hasira pia, na mimi niliipata. Tulikuwa kwenye kibaraza kimoja Jumapili mchana, sahani zetu zimechelewa, na waliokuja nyuma yetu wameshahudumiwa. Nikasema kwa Kiswahili, kwa sauti, kwamba Wahindi ni walewale, hata huku ng'ambo bado wanatuona watumishi wao. Fundi aliinuka. Aliondoka kuelekea stesheni, akaniacha pale na watu wananitazama. Kwa wiki tatu alinipita kazini kama ukuta.

Wiki ya nne nilimfuata chumba cha vifaa. Nilikuwa na langu la kusema na nililisema. Mama yangu alifulia familia moja ya Kihindi Nakuru miaka kumi na moja. Alikula nje, uani, kwenye sahani yake ya bati ambayo haikuruhusiwa kuingia kabatini. Nilikulia kwenye ua ule. Sikuyatoa maneno yangu hewani.

Fundi aliweka bisibisi chini.

"Pole," akasema. "Hilo sikulijua. Ilinipasa kuuliza kabla ya kuondoka."

Kisha akanisimulia jambo ambalo nilikuwa sijawahi kulisikia katika hadithi zake zote za Pune.

Jioni moja kulizuka uvumi kwamba mwanafunzi Mwafrika amemgonga mtoto kwa pikipiki. Nani, wapi, hakuna aliyejua. Fundi alikuwa amesimama kwenye mkokoteni wa vada pav karibu na chuo, mkate mkononi, akaona watu wanakimbia, asielewe kwa nini. Mwanamke aliyekuwa akikaanga, ambaye yeye alimwita Mausi, mama mdogo, bila kumjua jina, alichungulia barabarani, akamshika shati, akamvuta chini. Akamsukumia chini ya mkokoteni, akaburuta magunia ya viazi mbele yake, akashusha turubai.

"Nikaona miguu," Fundi akaniambia. "Mingi. Na ncha za fimbo. Wakamuuliza. Akajibu maneno matatu au manne, na mafuta yanaendelea kulia juu ya kichwa changu, hakuacha kukaanga. Basi mmoja wao akaagiza. Binti, alisimama pale akala. Nilimsikia akitafuna."

"Ukafanya nini?"

"Ningefanya nini? Nilishika gunia la viazi. Walipoondoka hakunitoa. Aliniacha mpaka barabara ikatulia kabisa. Akanipitishia mkate chini ya turubai, nikaula hukohuko."

Nilimuuliza swali la kijinga. Nilimuuliza kama ule ndio uliokuwa mtamu kuliko yote.

"Hapana," akasema. "Chumvi ilizidi. Mikono yake ilikuwa inatetemeka."

Akachukua bisibisi yake, akaizungushazungusha.

"Mji ule ulinifukuza na mji ule ulinificha. Jioni moja, barabara moja. Wewe na mama yako mna haki ya kuwa na hasira, sikunyimi. Ila mimi nikisikia 'Wahindi ni walewale' naona ile miguu na naona ile mikono, na sijui unazungumzia ipi."

Sijamsikia akiirudia hadithi hiyo kwa mtu mwingine. Za karanga alizirudia mpaka tukazijua kwa moyo. Nilidhani anazipenda kwa sababu zinachekesha. Siku hizi naona kwamba alichagua, akiwa na akili timamu, ni kumbukumbu zipi atazigawa kwa vijana walioshuka kwenye ndege juzi, na ipi ataibeba mwenyewe.

Alistaafu. Walimfanyia keki, akakata kipande kidogo kwa adabu na hakukimaliza. Mimi nilihamia hospitali nyingine, tukawa tunapigiana simu kwenye sikukuu, kisha hata sikukuu zikapita. Nilisikia kwa Bahati kwamba Fundi ana uvimbe kooni na anachomwa mionzi. Mimi, ambaye kazi yangu ni kukaa na wagonjwa, niliahirisha kumpigia, leo na kesho, mpaka aibu yenyewe ikawa sababu ya kutopiga.

Nilimwona mwaka huu Harris Park, Jumapili, saa kumi. Alikuwa peke yake kwenye meza ya nje, shingo imekuwa nyembamba ndani ya kola, ngozi ya koo imekuwa nyeusi na kukakamaa. Mbele yake kulikuwa na sahani ya bheli, ule mchanganyiko wa mchele uliofutuka kama bisi, viazi, vitunguu na chatini mbili. Haikuguswa.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba." Sauti ilikuwa imebaki nusu. "Keti."

Nilianza kuomba radhi kwa kutopiga simu. Akaipunga ile radhi kwa mkono kama anayefukuza nzi. Akanieleza mambo yalivyo, kwa ufupi, kama alivyozoea kueleza ubovu wa kitanda. Uvimbe umekwisha. Mate yamekauka. Ladha imeondoka, yote, miezi minane sasa. Anakunywa uji laini na maziwa ya kopo. Daktari anasema huenda ikarudi, huenda isirudi.

"Kila kitu ni karatasi," akasema. "Hata chumvi."

"Sasa hapa unakuja kufanya nini?"

"Nyumbani mke wangu ananitazama ninavyomeza. Anahesabu vijiko. Hapa mimi ni mtu aliyekuja kula kama wengine." Akasukuma sahani upande wangu. "Lakini nimechoka kuitazama. Kula wewe, unieleze."

Nikala kijiko kimoja.

"Tamu," nikasema.

Alinitazama kwa dharau kubwa. "Tamu si habari. Mgonjwa akikwambia anaumwa, unaandika 'anaumwa' unaondoka? Wapi? Namna gani? Kilianza nini?"

Nikala tena, nikajitahidi. Nikamwambia mchele unapasuka kwanza, kabla ladha yoyote haijafika. Halafu kitunguu. Halafu kitu cha baridi, dania, na ukali wa ndimu unaoshika hapa, pembeni mwa taya. Alikuwa amefumbua macho, ananitazama usoni bila kupepesa, kama alivyokuwa akisikiliza mota ya kitanda.

"Ndimu imezidi," akasema.

"Hapana, mimi nimeipenda."

"Umekunja jicho la kushoto mara mbili. Ndimu imezidi na ukwaju haupo. Hukuutaja."

Nilitafuta ukwaju mdomoni. Kweli, sikuupata.

Fundi aliinuka. Ilimchukua muda. Akabeba sahani kwa mikono miwili mpaka mezani kwa muuzaji, kijana wa Kipunjabi ambaye hakumjua hata kidogo, akamwambia jambo kwa Kihindi. Kijana akacheka, akatikisa kichwa. Fundi akasema tena, polepole. Kijana akabisha, akanyoosha mkono kuonyesha foleni, na watu wawili watatu wa foleni hiyo wakaingilia kati, kila mmoja na maoni yake. Fundi alisimama pale akiishikilia sahani ya chakula asichoweza kukila, na hakusogea.

Mwishowe kijana alichukua kijiko, akachota, akaonja. Akaonja tena. Kisha bila kumtazama mtu yeyote akachukua chupa ya ukwaju.

Fundi alirudi na sahani, akaiweka mbele yangu, akaketi, akavuta kiti mpaka magoti yetu yakakaribia kugusana.

"Haya," akasema. "Anza upya. Na usiwe na haraka."

Nikatafuna polepole, nikamweleza yote.